Dereva na Kiti cha Kushoto

Mtaa mzima wa Nkuhungu ulimwita Dereva, basi. Jina lake la ubatizo nililijua, maana nililisoma kwenye karatasi ya ofisi nikiwa bado mtoto, lakini sitaliandika hapa. Aliendesha magari ya serikali mpaka akastaafu, na alipostaafu akawa mteja wa chumba changu cha gemu, mzee pekee kati ya wanafunzi wa chuo na vijana wa bodaboda, akawapita wote. Kabla ya hayo yote alikuwa dereva wa baba yangu. Ndiye aliyeshika usukani siku baba alipokufa.

Hilo nalisema mapema kwa sababu sipendi mtu anayeanza kusimulia huku ameficha kitu mgongoni. Baba alikuwa mhandisi wa maji. Walikuwa wakitoka kukagua visima vya vijijini huko Mpwapwa, na kwenye mto mmoja wa mchanga karibu na Gulwe mafuriko yakalibeba gari. Dereva alitokea dirishani, akanasa kwenye mti. Baba walimpata kesho yake, mbali, amefunikwa tope mpaka kifuani. Taarifa ya ofisi ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na sentensi yake moja nimeishika kichwani hadi leo: "Marehemu alimwamuru dereva avuke." Nilikuwa na miaka tisa.

Msibani watu walinong'ona, mhandisi wa maji gani huyu asiyejua maji. Mama alisikia. Siku za msiba zilipokwisha aliitoa picha ya baba ukutani, akaifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni chini ya kitanda. Nilipouliza aliniambia, "Baba yako alituua kwa haraka zake." Hakusema zaidi, na hakuolewa tena.

Mimi sikuamini wala sikukataa. Nilikuwa namjua baba kama mtu aliyefunga kamba za viatu mara mbili kabla ya kutoka mlangoni, anayerudi kuangalia kama bomba limefungwa. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: niambiwe alisema nini pale majini. Aliyesikia alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa Dereva.

Kila Desemba alikuja nyumbani na debe la karanga. Hakuwahi kuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda pale kizingitini, kofia juu ya goti, akaulizwa hali, akajibu nzuri, akanywa maji nusu glasi, akaaga. Mama alimhurumia kwa dhati. Akishaondoka alikuwa akisema, "Maskini, na huyu naye nusura aende na haraka za mwenzake." Karanga zile tulizila mpaka Aprili.

Nilipomaliza mkataba wangu wa ukarani, nikakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, niligeuza sebule kuwa chumba cha gemu. Nilikuwa na televisheni mbili. Moja ilikuwa ya mpira, hiyo haikukosa watu. Ya pili niliifungia usukani na pedali nilizonunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, na humo mlikuwa na gemu moja la rali ambalo hakuna aliyelipenda. Lilikuwa gumu na halina huruma. Barabara za vumbi, za mawe, za tope, milima, kona zisizokwisha, na ukikosea mara moja tu gari limelala korongoni na mashindano yamekwisha.

Desemba moja Dereva alikuwa kwenye kigoda chake na karanga zake, na ndani Mathayo, kijana wa bodaboda kijiweni kwetu, alikuwa anabiringika korongoni kwa mara ya saba. Dereva alinyoosha shingo. Akasimama. Akasema, "Anashika breki ndani ya kona." Kisha akavuka kizingiti, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, akaenda akasimama nyuma ya Mathayo.

"Mbona unapiga breki umeshaingia? Gari likishaanza kukata kona halitaki kusimamishwa, linataka kuongozwa. Breki malizia huku njia ikiwa imenyooka."

Mathayo akajaribu. Akapita. Akageuka meno yote nje, akamwachia mzee kiti, na mzee akakataa mpaka Mathayo alipotoka. Tulipobaki wawili akakaa. Kwa umri wake mikono ilikuwa mikubwa, ya kimya, na ule usukani wa plastiki ulionekana kama kitu cha mtoto amekiazima. Alimaliza njia ile taratibu mno, kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Akasema kwamba atarudi kesho, na akarudi karibu kila asubuhi kwa miaka sita.

Mafunzo yake hayakuwa mengi, na hakuyarudia kwa mtu asiyesikiliza. Mara ya kwanza kwenye njia mpya usishindane. Pita polepole, uandike. Gari lichague kwa kutazama barabara. Vijana walichagua lile jekundu lenye nguvu, yeye akachukua dogo lenye springi laini, na kwenye mawe lile jekundu lilirukaruka kama mbuzi huku lake likinywea chini na kushika njia. Ukipanda mwinuko usioona ng'ambo yake, punguza mafuta kabla ya kileleni, hata kama jana ulipita hapohapo. Kwenye kona inayojikunja kabisa vuta handbreki mara moja, kwa kifupi, na mkono urudi usukanini. Vijana walipenda kuivuta muda mrefu kwa sababu gari likiserereka linapendeza. "Linapendeza nyuma," aliwaambia. "Mbele linachelewa."

Gemu lile lilikuwa na kivuli, gari la kama moshi linalokimbia mbele yako kukuonyesha yule aliyeshika nafasi ya kwanza alipita vipi. Wote walilifukuza. Dereva alilizima siku ya pili. Mathayo alipomuuliza kwa nini alisema kivuli hakina matairi, hakina la kupoteza, na ukikifuata kwa muda mrefu unasahau kutazama barabara yako wewe. Mathayo alizima cha kwake, na mwezi huohuo akaingia kumi bora kwenye orodha ya mashine. Alimletea mzee soda, akampigia magoti nusu kwa utani, nusu kwa kweli.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa hili, kwamba rali haiendeshwi na mtu mmoja. Ndani ya gari la rali kuna dereva, na kushoto kwake kuna msomaji mwenye daftari, anayemtajia njia kabla haijafika. Gemu lilikuwa na sauti yake ya kusoma, ya Kizungu, ya haraka. Aliizima. Akanunua daftari la kurasa mia, akaandika njia zote kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa dereva aliyejaza vitabu vya safari maisha yake yote: "Kulia nne, ndefu. Mwinuko, punguza. Kushoto mbili, inabana, jiwe kwa ndani." Namba ndogo ni kona kali, sita unapita bila kuachia mafuta. Akaniweka kwenye kiti kushoto kwake, akanipa daftari.

"Dereva ana mikono tu," aliniambia. "Akili ya gari iko kiti cha kushoto. Msikilize wa kushoto. Hata akikosea, msikilize, mtagombana mkifika."

Maneno hayo aliwaambia wote waliokaa kwenye usukani ule. Msikilize wa kushoto. Vijana waliyafanya wimbo, wakawa wanamwambia hata anayecheza mpira. Mimi nilikuwa nayachukulia kama hekima ya kazi, nikamwona mtu mwenye heshima. Leo nikiyakumbuka natamani kutema mate.

Sikuwa nampenda, niseme hivyo. Nilimzoea, nikamngoja, nikakasirika asipokuja. Alikuwa na dharau zake: kijana akijisifu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na gari liko wapi sasa?" huku gari likiwa limelala tairi juu mbele ya macho ya wote. Alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka Jumapili, ila alikataa katakata kuombewa. Hata baadaye, macho yalipoanza kumsumbua, kikundi kikija kwake kumwombea alijifanya anatoka kwenda dukani. Aliniambia amekula hali tumbo linanguruma. Hakupanda bodaboda, hakupanda gari la mtu, alitembea kwa miguu saa nzima kutoka kwake hadi kwangu, juani, kwenye ule upepo wa Dodoma unaokujaza mchanga mdomoni, na akifika alikuwa na kaunda suti yake ya kijivu iliyonyooshwa, kalamu mfukoni. Nilipomuuliza kwa nini hapandi alisema yeye na magari walishamalizana. Kisha alikaa akaendesha saa mbili.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa kwa miaka yote hiyo.

La kwanza, hakucheza mbele za watu. Alikuja asubuhi kabla wanafunzi hawajatoka darasani. Mteja akiingia akasimama nyuma kutazama, Dereva aliachia mafuta, akalisogeza gari pembeni ya njia, akakunja mikono. Angekuwa anaongoza, angekuwa kona ya mwisho, aliacha tu. Vijana walijua uwezo wake kwa kuona ile orodha, ambapo nafasi ya kwanza kwenye njia tisa kati ya kumi iliandikwa DEREVA. Siku moja Mathayo alinyemelea dirishani akamrekodi kwa simu. Wenzake watatu walikuwa nyuma yake wakishangilia kwa minong'ono. Mzee alipowasikia alinyanyuka akamnyang'anya simu. Sikuwahi kumwona hivyo. "Ondokeni!" alifoka. "Mnashangilia nini? Mnashangilia nini ninyi?" Hakuja wiki tatu. Tulisema ni aibu za uzee.

La pili ni maji. Njia ya kumi, ile ngumu kuliko zote, inakata mto mara mbili, na wa pili uko karibu kabisa na mwisho. Mchezaji mzuri anapunguza mwendo kiasi, anaingia, anatoka, maana ukiingia kwa kasi injini inakufa. Dereva alikuwa anasimama. Anasimama kabisa, matairi ya mbele ukingoni, anahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, ndipo anasema "haya" na kuingia. Sekunde kumi kwenye rali ni umri wa mtu. Mara mbili ni ishirini. Ndiyo maana njia ile hakuwahi kuwa wa kwanza, naye ndiye aliyeiweza kuliko wote. Na kwenye daftari, mahali pa maji, hakuandika kitu. Kila palipo na mto aliacha mstari mtupu. Nikifika hapo nilinyamaza, na yeye akahesabu.

Kwenye mstari mtupu mmoja ndipo nilipojaribu. Nilikuwa nimeshamuuliza mara moja, nikiwa na miaka kumi na minne, pale kwenye kigoda, baba alisema nini. Akasema baba yako alikuwa mtu mzuri, akazitazama karanga. Safari hii nilianzia mbali. Nilimuuliza zamani, kazini, walikuwa wanajuaje kama mto unapitika.

Alikuwa amesimamisha gari ukingoni. Aliniambia bila kunitazama.

"Mito yetu hii ya mchanga usitazame wingu lililo juu yako. Mvua iliyoleta maji imenyesha kwingine, hata huijui. Unavunja kijiti, unakichomeka palepale maji yanapoishia, unakaa kando unangoja. Maji yakikiacha kijiti nchi kavu, yanapungua. Yakikimeza, yanapanda, ulale hapohapo. Kila dereva wa huku anajua."

"Na siku ile mlichomeka?"

Kidole chake kilikuwa kinapigapiga usukani.

"Soma mstari unaofuata," akasema.

Nikasoma. Sijui kwa nini nilisoma. Nadhani niliogopa kwamba nikimkaba hatarudi, na asiporudi nitakuwa nimempoteza shahidi wa pekee. Nilikuwa nimejiwekea hesabu za kijinga, kwamba mtu ukimsomea njia miaka na miaka, siku moja naye atakusomea ya kwake.

Mama alikufa mwaka wa nne wa mazoea hayo, kwa sukari, polepole, mguu mmoja kwanza. Siku za mwisho alinituma sandukuni nimletee kitenge chake cha harusi, na picha ya baba ikaanguka kutoka kwenye kanga. Aliishika. Nilidhani atalia. Alisema, "Angengoja tu. Nusu saa tu angengoja, tungezeeka wote," akanirudishia, akageukia ukutani. Hiyo ndiyo kauli ya mwisho niliyoisikia kwa mama kuhusu mume wake.

Dereva alikuja msibani. Alisimama nyuma kabisa makaburini, na watu walipokuja kurusha udongo hakusogea. Siku ya tatu nilimfuata alipokaa, macho yamenivimba, nikamwambia, "Mzee, mama ameshaondoka. Hakuna wa kumwogopa tena. Baba alisema nini?" Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mwanangu, usiendeshe ukiwa umetoka kulia. Macho yenye machozi yanaona njia mbili." Nikaunyofoa mkono wangu. Nilimwona mzee mjinga aliyebakiwa na maneno ya gemu kichwani, na nikamwambia hivyo mbele ya watu. Aliinamisha kichwa, akanishukuru. Watu walishangaa anashukuru nini.

Alikaa miezi mitatu ndipo akarudi chumbani, na mimi nikakaa tena kushoto. Nani mwingine wa kukaa?

Presha ya macho ilimwanza upande wa kulia. Kwanza alisema televisheni yangu imechoka. Kisha akawa anagonga mawe ya upande mmoja, kila mara yaleyale, na hakusema chochote, alinitegemea mimi. Nikawa namtajia mapema zaidi, kwa sauti zaidi, na kwa kweli aliendesha vizuri kuliko zamani, kwa masikio. Hospitali walimwambia amechelewa. Mwaka jana, mvua zilipoanza, aliacha kuja.

Sasa niseme siku ya mwisho.

Ilikuwa asubuhi ya Februari, mvua imenyesha usiku kucha na barabara yetu imekuwa mfereji. Nilisikia pikipiki mlangoni. Mathayo, na nyuma yake, ameshika kiti kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepandishwa juu ya ng'ombe, Dereva. Yule asiyepanda chombo cha mtu. Mathayo akamshusha, akamwongoza mpaka kizingitini, akanipa ishara kwamba haoni kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna watu?"

"Hakuna."

"Mathayo, nenda kafanye kazi. Usitazame hapa."

Mathayo akaondoka. Mzee alipapasa akakuta viti, akahesabu kwa mkono, akakaa cha kushoto. Akanisukumia usukani.

"Leo utaendesha wewe. Njia ya kumi."

"Mimi sijawahi kuimaliza hata mara moja. Na nani atasoma?"

"Mimi."

Nikamwambia daftari hili hapa, ila utalionaje. Akasema daftari libaki mezani.

Alisoma njia nzima kutoka kichwani. Kulia nne, ndefu. Mwinuko, punguza. Kushoto mbili, inabana, jiwe kwa ndani. Hakukosea kona hata moja. Alikuwa anasikiliza mlio wa injini ya gemu akijua nilipo, na sauti yake ilifika kabla ya kona kwa kiasi kilekile, na mikono yangu ikaanza kufanya bila kuniuliza. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi, kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilijisikia mwepesi. Kwenye mto wa kwanza alisema "simama," tukahesabu pamoja mpaka kumi, "haya," tukavuka. Tukapanda mlima, tukashuka upande wa pili kona juu ya kona, na saa iliyo pembeni ya kioo ilisema tunaweza kuongoza hata na ule ucheleweshaji. Nikauona mto wa pili, na ng'ambo yake, mita chache tu, bendera za mwisho.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Nikaanza kuhesabu. Nikafika kumi. Hakusema haya. Nikangoja. Saa inakimbia.

"Mzee, tuingie?"

"Hivyo ndivyo alivyosema," akasema. "Simama."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Alikichomeka kijiti mwenyewe, cha mgunga, tukakaa. Maji yakakimeza, mimi nikiona. Akasema tunalala hapa. Sasa kukawa na lori lililovuka kabla yetu, limesimama ng'ambo, na akina mama wa mnadani, na watu wengi huku na huku wanangoja. Mimi nilikuwa nasifika. Barabara yote ile walinijua kwa kukata maji. Utingo wa lori akanipigia mluzi, akasema leo Dereva ameogopa. Wakacheka. Nikamwambia baba yako tupande tu garini, tukae tusilowe. Akapanda. Nikawasha."

"Akasema nini?"

"Akasema simama. Nikaingia. Akasema tena, na akanishika mkono huu." Aliunyanyua mkono wa kushoto. "Nikamwambia, kaa bosi, nayajua haya. Watu walikuwa wanashangilia. Niliwasikia mpaka gari lilipoinuka."

"Na taarifa?"

"Waliniuliza nani aliamuru. Nilikuwa na watoto. Nikasema yeye."

Nilitaka kumpiga. Nasema bila kupamba, niliutazama uso wake wa kipofu na nikataka kuupiga kwa kitu kizito. Nilichosema ni, "Mama amekufa akijua ni baba."

"Najua. Kila Desemba nilikuja na maneno haya. Nikimwona naziweka karanga chini, maneno narudi nayo. Halafu ananihurumia. Mwanangu, hujui mtu kuhurumiwa vile inakuwaje."

"Usiniite mwanangu."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Nikachukua daftari, nikafungua njia ya kumi, mto wa pili, pale penye mstari mtupu. Nikachomoa kalamu mfukoni mwake, nikamtia mkononi, nikaiweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Andika."

"Sioni."

"Andika hivyohivyo. Na jina lako."

Aliandika. Herufi zilipanda juu ya mistari ya kona, zikashuka, zikatoka nje ya karatasi na kuendelea juu ya meza yangu, ambako zipo hadi leo. Mhandisi alisema simama. Dereva hakusikiliza. Kisha jina lake zima, la ubatizo na la ukoo. Ilimchukua muda mrefu, na alipomaliza alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

Kwenye televisheni gari letu lilikuwa bado ukingoni, maji yanapita, bendera zinapepea ng'ambo. Muda wa mashindano ukaisha. Ukatoka ule mlio wa mwisho, ambao aliujua vizuri, maana unatoka mtu akifika na unatoka vilevile muda ukimwishia.

Akageuza uso upande wa mlio.

"Wametuandika wa ngapi?"

"Hawajatuandika, mzee," nikamwambia. "Hatukufika."